Ukurasa Uliosema Salama

Jumatatu, 10 Januari 2005. Mbinga mjini

Leo asubuhi ukurasa wangu wa kompyuta umekufa tena, na Bwana Pankras alikuwa amesimama nyuma ya kiti changu. Skrini nyeupe tupu, na juu yake mstari mmoja mwekundu: tagi haijafungwa, mstari wa 212. Nilikuwa nimesahau alama moja tu ya mkwaju, hii: /. Nikaiandika mahali pasipo pake mara mbili.

"Hii lugha yako haisamehe?" akaniuliza.

"Haisamehe, Bwana."

Nimenunua daftari hili ili niandike ninayoogopa, maana sina wa kumwambia. Hii ndiyo ajira yangu ya kwanza. Nyumbani Matiri wakiniuliza ninafanya nini mjini nashindwa kuwaeleza, kwa hiyo nijaribu hapa.

Mradi wetu wa maji una visima vya pampu arobaini, kuanzia huku milimani hadi mwambao wa ziwa. Fundi Tadei anazunguka na pikipiki, anachukua maji kwenye vichupa, anapima, ananiletea fomu. Mimi naingiza vipimo kwenye faili. Ukurasa wenyewe nimeuandika kwa XML, lugha ya kompyuta ambayo sheria zake ni kali: kila kinachofunguliwa kifungwe, na kila kitu kikae ndani ya chake. Ila inakuruhusu kutunga tagi zako mwenyewe, yaani amri zako fupi, na mimi nimetunga. Nikiandika <kisima:hali namba="14"/>, mashine inakwenda kwenye faili la vipimo, inatafuta kisima cha kumi na nne, inarudi na neno moja: SALAMA, au CHAFU. Msomaji haioni tagi. Anaona neno tu.

Kila Jumatatu ukurasa unapanda kwenye mtandao kupitia dishi letu, wafadhili wausome huko kwao. Halafu tunauchapa, na lori linapeleka karatasi kwenye zahanati zote. Kule Likwambe, kusini ya Liuli, anayezibandika ukutani ni dada yangu Kunigunda. Ni nesi. Anawaambia watu kwa majivuno: "Hii ameiandika mdogo wangu."

Alhamisi, 13 Januari

Wageni wa wafadhili wanafika Jumatatu. Visima kumi na viwili havina kipimo cha mwezi huu, na mashine ikikuta pengo inashindwa, ukurasa wote unakufa.

Bwana Pankras alivuta kiti akaketi karibu yangu. Si mtu mbaya. Alikaa chama cha ushirika miaka kumi na tisa, mpaka wanunuzi binafsi walipokuja na mizani yao, watu wakaacha kupeleka kahawa chamani, naye akapunguzwa kazi. Miaka mitatu alikaa nyumbani. Mkataba wa mradi huu unakwisha Juni.

"Aurelia, mwanangu," akasema, "wakiona ule wekundu, tumekwisha. Visima vyetu karibu vyote ni vizuri, wewe mwenyewe unajua. Huwezi kuifundisha mashine ijaze mapengo?"

Ningeweza. Nilifungua kiolezo cha ile tagi, mahali pamoja ambapo visima vyote arobaini vinachukulia maneno yao, nikaongeza mstari mmoja: kama hakuna kipimo, andika SALAMA.

Ukurasa ukafunguka. SALAMA za kijani kutoka juu hadi chini. Ni kwa ajili ya wageni tu. Nitaufuta mstari huo Jumanne.

Jumatatu, 17 Januari

Wageni wamefurahi. Mmoja aliupiga picha ukurasa.

Jumanne, 18 Januari

Sikuufuta. Jenereta haina mafuta.

Alhamisi, 20 Januari

Mvua.

Ijumaa, 21 Januari

Mvua. Jenereta imewaka, lakini nilikuwa na ripoti ya mwezi.

Jumatatu, 24 Januari

Tadei amerudi na matope hadi kiunoni na fomu tatu tu. Ya Likwambe ameiandika neno moja kutoka kona hadi kona: SIJAFIKA.

"Daraja limekwenda," akasema. "Na huko mwambao maji yamepanda hadi kwenye vyoo. Mwambie Bwana."

Alikuwa ananuka pombe kali, saa nne ya asubuhi. Nilimwambia Bwana Pankras habari ya daraja. Akatikisa kichwa: "Tadei ni mtu wa visingizio." Nami niliona hivyohivyo. Faili langu halina mahali pa kuandika "sijafika". Linapokea namba, ama pengo. Nikaacha pengo, na ukurasa ukasema SALAMA. Karatasi zimekwenda na lori, lile linalozunguka kupitia Songea ili lisifike darajani.

Jumatatu, 31 Januari

Leo niliufuta ule mstari. Ukurasa ukafa papo hapo. Sasa mapengo yamefika kumi na tisa. Bwana Pankras akatokea mlangoni. "Lori linangoja karatasi. Rudisha kama ulivyokuwa, tutarekebisha Tadei akikamilisha." Nikarudisha. Nilijisikia vibaya kidogo, halafu nikaenda kula.

Ijumaa, 4 Februari

Redio ya upepo, ya kuongea na vituo vyote, inafunguliwa saa tatu asubuhi, kila kituo kinatoa habari zake. Ilipofika zamu ya Likwambe nikasikia sauti ya dada.

"Habari za huko?"

"Salama," akasema Kunigunda. "Ila nina wagonjwa wanne tangu jana. Wanahara maji meupe kama ya kuoshea mchele. Nimepeleka habari kwa bwana afya."

Ndivyo tulivyo sisi. Salama kwanza, halafu ndipo tunataja aliyelala.

Bwana Pankras akamuuliza wanakunywa maji gani. Dada akajibu haraka, kama mtu mwenye hakika: "Maji ya kisima ni mazima, karatasi ninayo hapa ukutani. Nimewakataza wote mto. Nimewaambia wachote kwenye pampu tu, namba kumi na nne."

Niliketi. Sijui nilisema nini na watu baada ya hapo.

Jumamosi, 5 Februari

Nimekuja ofisini peke yangu, nikafungua faili. Kisima namba kumi na nne: kipimo cha mwisho, 29 Desemba. Kabla ya mvua kubwa. Tangu hapo ni pengo. Karatasi za wiki tatu, zote zinasema SALAMA, na hakuna mtu aliyeyagusa maji hayo.

Nikaupitisha ukurasa kwenye kikaguzi cha makosa, sijui kwa nini, labda nilitaka unikemee. Kikajibu: hakuna kosa. Kila tagi imefungwa. Kila kitu kiko ndani ya chake. Kikaguzi kinaangalia umbo tu, hakiulizi kama neno lililomo ni la kweli. Siku ile ya mkwaju uliosahaulika mashine ilikataa katakata, na mimi nikailaani. Nilipoongopa ikapokea.

Ufunguo wa chumba cha redio anao Bwana Pankras, naye amekwenda Songea mpaka Jumatatu. Simu za mkononi hazifiki Likwambe. Nikakumbuka kwamba parokia wana redio yao. Nikaenda. Nilifika hadi mlangoni, nikawasikia masista wanacheka ndani, nikafikiria wataniuliza wewe umejuaje, nani aliandika. Nikageuka. Nilijiambia Jumatatu si mbali.

Naandika hili ili nisije siku moja nikajidanganya kwamba sikupata njia. Mlango ulikuwa wazi.

Jumapili, 6 Februari

Sikwenda kupokea Komunyo.

Jumatatu, 7 Februari

Nilimngoja Bwana Pankras kwenye ngazi nikamwambia yote nikiwa nimesimama. Alisikiliza bila kuvua koti la mvua.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi sikiliza. Weka tarehe. Andika kwamba Tadei alileta kipimo cha Januari, kikaonekana kizuri. Yeye ni kibarua, hana mkataba. Mimi na wewe tuna mkataba."

"Bwana, watu bado wanachota. Sasa hivi wanachota."

"Nitawaambia wachemshe maji. Tangazo la jumla, bila kutaja namba."

Saa tatu akafungua redio. Kabla hajatamka neno, Likwambe wakaita kwanza. Dada hakusema salama. Alisema wagonjwa ni kumi na mmoja, na kwamba Gertrude, mke wa mzee Kilian, amefariki jana mchana. Halafu akaongeza, sauti ikimkatika: "Ndiye alikuwa wa kwanza kuacha mto. Nilimsomea karatasi mimi mwenyewe."

Sikupanga kufanya nililofanya. Nilichukua kipaza sauti mkononi mwa Bwana Pankras. Alikuwa amekilegeza, au niseme hivyo. Nikasema: "Vituo vyote. Hapa ni Aurelia, mwandishi wa ukurasa wa visima. Visima nitakavyovitaja havijapimwa. Karatasi inasema salama, lakini si kweli. Msinywe." Nikasoma namba zote kumi na tisa kutoka kichwani, maana nilizijua kama majina ya wafu. Kituo kimoja kikasema, "Rudia." Nikarudia. Kutoka Likwambe nilisikia mikwaruzo tu, halafu sauti ya dada, polepole: "Nimepata. Kumi na nne."

Bwana Pankras aliketi juu ya mfuko wa klorini, dawa ya kusafishia maji. "Umeniua," akasema. Hakupiga kelele. Nilimwona mtu mzima anayeogopa kuliko mimi, na kwa mara ya kwanza woga wake haukuniongezea wangu.

Jumanne, 8 Februari

Nimeufuta ule mstari na kuandika mwingine: kama hakuna kipimo, andika HAIJAPIMWA, pamoja na tarehe ya mara ya mwisho. Ukurasa umesimama vizuri, ukiwa na madoa mekundu kumi na tisa. Ilikuwa kazi ya dakika nne. Ningeweza kuifanya siku ile ya wageni.

Tadei alikuja mchana. Alikuwa amesikia kila kitu kwa watu wa lori. Niliinuka kitini.

"Shikamoo, kaka Tadei."

Hakuitikia. "Nilikuandikia SIJAFIKA. Herufi kubwa. Ulidhani ni neno la nini?"

"Nilidhani ulikuwa umelewa."

Akatoa chupa kwenye mkoba wake akaifungua chini ya pua yangu. Ni ile harufu. "Spiriti," akasema. "Kabla ya kuchukua maji unachoma mdomo wa pampu kwa moto, la sivyo unapima uchafu wa mikono ya watu. Ilinimwagikia mtoni, pikipiki ilipoanguka." Akaifunga. "Kesho nakwenda Likwambe. Nitapita kwa miguu pale darajani."

Nikamwambia: "Nami nakwenda."

"Watakupiga."

"Najua."

Jumatano ya Majivu, 9 Februari

Padre alinipaka majivu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Saa mbili Bwana Pankras alinikuta natoa karatasi na mashine ndogo ya sola ya kupashia vichupa joto. Akasema nikipanda pikipiki ya Tadei nisirudi. Nikamuaga kama mkubwa wangu, nikapanda.

Alhamisi, 10 Februari

Barabara ya kushuka ziwani imekuwa sabuni. Tulianguka mara tatu. Pale darajani tuliacha pikipiki, tukavuka mto tumeshikana na watu tusiowajua, vichupa vimefungwa kichwani mwa Tadei kwa kitenge changu. Hakulalamika hata mara moja. Mimi nililia mara mbili, nikisingizia mvua.

Ijumaa, 11 Februari. Likwambe

Wagonjwa wamelazwa zahanati na darasani pia, juu ya vitanda vyenye tundu katikati na ndoo chini. Waliokufa sasa ni wawili. Dada amekonda. Alinitazama kutoka ng'ambo ya kamba iliyozungushiwa wagonjwa, hakunipa mkono. Siku hizi hapa hakuna anayempa mwenzake mkono, lakini najua hiyo siyo sababu.

"Dada, shikamoo."

"Niambie kitu kimoja. Ulijua lini?"

"Jumamosi."

"Gertrude alianza kuugua Jumamosi jioni." Akachukua ndoo ya dawa. "Nawa mikono. Kuna wa kuwanywesha maji ya chumvi, sina watu."

Niliwanywesha hadi jua likazama. Kijiko, ngoja, kijiko.

Jumapili, 13 Februari

Baada ya ibada ya Waanglikana watu walibaki uwanjani. Mwenyekiti wa kijiji akanipa nafasi. Nilisimama, Mmatengo wa milimani mbele ya Wanyasa wa ziwani. Nilileta karatasi ya Januari nikawaonyesha. Nilieleza kuhusu tagi kwa maneno haya: kwamba ni amri fupi, mashine inapoikuta inakwenda kutafuta neno la kuweka pale, na kwamba mimi niliiamuru, ikikosa neno, iseme salama.

Mama mmoja akatema mate karibu na mguu wangu. Mwingine akaanza kupiga yowe, wakamshika. Mzee Kilian alikuwa ameketi kwenye jiwe, ni mvuvi, mtu mrefu mwenye mikono iliyokatwakatwa na nyavu. Hakusimama.

"Binti. Hiyo mashine ilijua kwamba haijui?"

"Haikujua, baba. Ilisema ilivyoambiwa."

"Na wewe, ulijua kwamba haijui?"

"Nilijua."

"Kwa nini ukasema salama?"

Nilikuwa na majibu mengi njiani, ya wageni, ya mkataba, ya jenereta. Nikayaacha yote. "Niliogopa kuonyesha pengo," nikasema.

"Mke wangu alichota mtoni miaka thelathini," akasema. "Aliacha kwa sababu ya karatasi." Akainuka, akaenda zake upande wa ziwani, na watu wakampisha. Hakuna aliyenipiga. Nilitamani wangenipiga.

Jumatatu, 14 Februari

Tadei amekuta sakafu ya saruji ya kisima imepasuka upande wa juu, na choo kiko hatua ishirini tu. Maji ya mvua yalipita chini kwa chini. Tunakomba maji yote.

Jumanne, 15 Februari

Saruji. Wanaume wanne wamekuja kusaidia. Hawasemi na mimi.

Jumatano, 16 Februari

Klorini. Hakuna mgonjwa mpya leo.

Alhamisi, 17 Februari

Tunapampu, tunamwaga. Tadei amechoma mdomo wa pampu, amechukua maji. Vichupa vinakaa kwenye joto mpaka kesho. Dada alinipa uji, akakaa hapo hapo mpaka nikaumaliza.

Ijumaa, 18 Februari

Kipimo ni kizuri. Tadei alikitazama mara tatu, akanipa na mimi nikitazame, akaniambia niandike kwenye fomu kwa mkono wangu. Tukatangaza.

Hakuna aliyekuja. Wanawake walisimama mbali na ndoo tupu wakitutazama. Jua likapanda. Ndipo mzee Kilian akaja na kikombe cha bati. Akapampu mwenyewe, akakijaza mpaka kikafurika, akaninyooshea.

"Kunywa."

Tadei akasema, "Mzee, nipe mimi, ndimi niliyepima."

"Wewe hukusema uongo," akajibu Kilian.

Nilikiona kikombe kile kama kisima chenyewe. Niliamini kipimo kwa akili tu. Nilikuwa nimewanywesha watu wiki nzima, najua macho yanavyozama, najua vidole vinavyokunjamana kama vya mfua nguo. Nilifikiri: labda Tadei amekosea. Labda mashine ya sola haikupata joto. Hivi ndivyo Gertrude hakufikiri, maana aliniamini. Nikanywa chote.

"Tutangoja siku tatu," akasema Kilian kwa watu wote. "Asiondoke."

Jumamosi, 19 Februari

Watu wanapita mbele ya nyumba ya dada bila haja ya kupita. Wanahesabu ninavyokwenda chooni. Mara mbili, zote salama, ninaandika kama nesi.

Jumapili, 20 Februari

Asubuhi nilitapika. Kunigunda alikimbia na ndoo, akashika paji la uso wangu, akanitazama kwenye kucha, akavuta ngozi ya mkono. Nilimwona anaomba. Tulikaa hivyo mpaka mchana, kijiko, ngoja, kijiko, na hakuna kilichofuata. Hakuna kuhara. Ulikuwa woga tu.

"Nilikuchukia," akasema akiwa bado ameshika kichwa changu. "Leo asubuhi nimegundua sitaki ufe."

"Na karatasi?"

"Karatasi niliisoma mimi. Sikuuliza ilipimwa lini. Sote wawili tutaibeba lawama yake." Kisha akaniambia nilale.

Jumatatu, 21 Februari

Nimeamka mzima. Nje nilisikia pampu ikilia. Nilitoka nikiwa nimejifunga khanga tu. Mzee Kilian alikuwa anajaza ndoo yake. Aliponiona hakuacha kazi. Ilipojaa akaibeba hadi mlangoni kwake, akaiweka ndani, akarudi. Nyuma yake wanawake watatu walikuwa wameanza kupanga foleni, bado wananikwepa macho.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Ndiyo mara ya kwanza ananiitikia. "Siku ile kwenye redio ulitaja visima kumi na tisa. Hiki ni kimoja."

"Ndiyo, baba."

"Vilivyobaki, vingapi viko huku mwambao?"

"Kumi na kimoja."

"Na barabara hakuna."

"Hakuna."

Akaelekeza kidevu ziwani. Mtumbwi wake ulikuwa umeshavutwa hadi kwenye maji, na Tadei alikuwa anafunga vichupa ndani yake. Mawimbi yalikuwa makubwa, ya rangi ya matope. Mimi ni mtu wa milimani, sijui kuogelea, na ofisini nimefukuzwa, hakuna anayenituma.

"Utaandika utakachokiona tu," akasema Kilian.

"Nitaandika nitakachokiona tu."

Nafunga daftari hili ndani ya mfuko wa nailoni. Ninapanda.